Sanamu ndogo: kuifinyanga, kuisubu na kuiweka ionekane

Sanamu ya sentimita 15 itakayotolewa nakala hufaulu au hushindikana kabla udongo haujaguswa, pale unapoamua mikono ikae wapi. Kiganja kilichoinuliwa mbele ya uso, mguu uliokunjwa chini ya paja, kikapu chenye mpini mwembamba: kila kimoja ni mahali ambapo kalibu (umbo la mpira wa silikoni la kumiminia resini, plastiki ya maji inayoganda) itanasa au hewa itajificha. Kwa hiyo chora kwanza, kwa ukubwa halisi, mbele na ubavuni. Kisha chukua kalamu ya rangi nyingine upitishe mstari utakaoigawa kalibu vipande viwili. Mstari huo ukikataa kupita kwenye karatasi, hautapita kwenye udongo. Badilisha mkao, au amua mapema kwamba mkono utakatwa begani na kusubiwa, yaani kumiminwa kwenye kalibu, peke yake. Kukata si aibu. Sanamu nyingi ndogo unazoziona zikiwa nzima zilitoka kwa vipande.

Kiunzi na udongo

Kwa kimo hicho, waya wa alumini wa milimita 2 unatosha kwa miguu na uti wa mgongo, na wa milimita 1 kwa mikono. Acha waya wa miguu utokeze sentimita 3 chini ya nyayo ili uukaze kwenye ubao. Vingirisha waya mwembamba juu ya kiunzi chote, la sivyo udongo utazunguka juu yake kila unapoubana. Kifua na nyonga zijaze kwa foili iliyofinywa hadi ikakataa kubonyea. Foili iliyolegea huacha uwazi, na uwazi huo ukipata joto la jiko huupasua udongo.

Kichwa cha mtu mzima huingia katika kimo chake takriban mara saba na nusu, kwa hiyo hapa kichwa ni sentimita 2, na kinena hukaa karibu na nusu ya kimo. Vipimo hivi vifuate mwilini, lakini viganja vizidishe kidogo. Kidole cha mtu kikipunguzwa kwa kiwango hicho kinabaki na unene usiofika milimita 1.5, na kidole kama hicho huvunjika kinapotolewa kwenye kalibu. Kifanye milimita 2, au viunganishe vidole viwili viwili. Jicho la mtazamaji halitalalamika.

Udongo wa polima ndio unaomfaa anayeanza. Haukauki mezani, na ukishaokwa unachongeka na kupigwa msasa. Mingi huokwa kwenye nyuzi 130 za Selsiasi, dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene, ila fuata maelezo ya pakiti yako. Plastisini ya mafuta hushika michoro midogo vizuri sana lakini haigandi kamwe, hivyo kila ukiishika unaiharibu. Udongo wa maji hupungua unapokauka ilhali waya haupungui, na matokeo yake ni nyufa kwenye viungo.

Kabla ya kuoka, zima taa za chumba na umulike sanamu kwa tochi kutoka ubavuni, karibu kabisa. Alama za vidole ambazo hukuziona mchana zitasimama zote. Zilainishe kwa brashi laini iliyoloweshwa spiriti kidogo sana. Silikoni hunakili hata mstari wa ngozi ya kidole, na kosa moja lililobaki hapa litarudi katika kila nakala.

Silikoni na maadui zake

Kuna silikoni za aina mbili kuu. Ile inayogandishwa kwa platini karibu haipungui kabisa na hudumu miaka, lakini ni dhaifu mbele ya baadhi ya kemikali. Ile inayogandishwa kwa bati ni stahimilivu zaidi na kwa kawaida bei yake ni nafuu, ila kalibu yake husinyaa kidogo na kukakamaa baada ya muda. Plastisini yenye salfa huizuia silikoni ya platini isigande: unafungua boksi na kukuta uso wa sanamu umefunikwa na uteute unaonata. Glavu za mpira wa asili hufanya hivyohivyo, na pia sanamu zilizochapwa kwa mashine ya 3D kwa resini inayogandishwa na mwanga ambazo hazijakaushwa vya kutosha. Vaa glavu za nitrili, na siku zote paka tone la silikoni chini ya nyayo za sanamu usubiri ligande kabla hujamwaga nusu kilo. Rangi ya kupulizia husaidia kuuziba uso wenye salfa, lakini isikufanye uruke jaribio hilo.

Chagua ugumu wa kati ya 20 na 30 kwenye kipimo cha Shore A. Laini zaidi ya hapo, kalibu hujipinda ikifungwa. Ngumu zaidi, vidole na pua hukatikia ndani.

Kalibu ya vipande viwili

Laza sanamu chali kwenye kitanda cha plastisini isiyo na salfa, kisha jaza mpaka ufike kwenye mstari ulioupanga. Hapa usiharakishe. Plastisini ikutane na sanamu kwa pembe ya mraba, bila mwanya na bila kupanda juu ya mwili. Mwanya wa nusu milimita leo ni utando wa resini utakaoukwangua kwenye kila nakala kesho. Pindisha mstari ufuate mahali ambapo mshono hautaonekana: nyuma ya sikio, ukingoni mwa nguo, upande wa ndani wa mkono. Usoni usipite.

Bonyeza vishimo vya mviringo vya kina cha milimita 5 kuzunguka sanamu, umbali wa sentimita 1 kutoka mwilini, ili vipande viwili vipate kukaa palepale kila vinapofungwa. Mlango wa kumiminia uweke kwenye nyayo, sanamu isubiwe ikiwa kichwa chini. Viputo hupanda, na ni heri vikusanyike kwenye nyayo kuliko puani. Sasa igeuze akilini mwako na utafute kila sehemu itakayokuwa kileleni bila njia ya kutokea: chini ya kidevu, ncha ya kiwiko kilichokunjwa, pindo la vazi. Kutoka kila moja pitisha kijiti cha milimita 2 hadi ukingo wa juu wa kalibu. Hizo ndizo njia za hewa.

Jenga boksi likiacha milimita 20 hivi kila upande, na uzibe pembe zote kwa gundi ya moto, maana silikoni hutoroka hata penye ufa usioonekana. Kiasi cha silikoni kikokotoe, usikikisie. Boksi la sentimita 19 kwa 9, lenye kina cha sentimita 3 juu ya plastisini, lina mililita 513. Sanamu ya kimo hiki ina ujazo wa karibu mililita 45, hivyo nusu yake huchukua kama 23. Zinabaki 490. Silikoni nyingi zina uzito wa gramu 1.1 hadi 1.2 kwa mililita, kwa hiyo andaa gramu 565, na uongeze kidogo kwa ile itakayobaki imeganda kikombeni: gramu 590 zinatosha.

Pima sehemu zake mbili kwa mizani ya kidijitali, kwa uwiano ulioandikwa kwenye chombo. Koroga polepole ukikwangua pembeni na chini, kisha hamishia kwenye kikombe cha pili ukoroge tena. Kikombe cha kwanza huwa na silikoni isiyochanganyika iliyogandamana na kuta zake, na hiyo ndiyo inayoacha mabaka yasiyokauka. Paka sanamu kwa brashi safu nyembamba, ukiisukuma machoni na kati ya vidole. Iliyobaki imwage kutoka juu, sentimita 30 hivi, kwa uzi mwembamba, katika kona moja tu ya chini ya boksi, uiache ipande yenyewe. Uzi huo mwembamba huvipasua viputo vikubwa njiani.

Ikishaganda, geuza boksi na uondoe plastisini bila kuinua sanamu kutoka kwenye nusu ya kwanza. Ukiinua, ngozi ya silikoni iliyoshikana nayo huachia, na silikoni mpya hupenya chini yake. Halafu fanya jambo ambalo likisahaulika hakuna dawa: paka mafuta ya mgando kwa brashi juu ya silikoni yote iliyo wazi, mara mbili, hadi ndani ya vishimo, ukiyafuta yaliyozidi yasiache michirizi. Silikoni haishikamani na karibu kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake, na ikishikamana nayo inakuwa donge moja. Mwaga nusu ya pili kama ya kwanza.

Kumimina

Resini ya poliyurethani inafaa kwa kazi hii kwa sababu ni nyepesi kama maziwa na huganda upesi. Nyingi huchanganywa kutoka chupa mbili, sehemu sawa kwa sawa, nyingine kwa uzito usiolingana, hivyo soma chombo. Muda wa kufanya kazi mara nyingi ni dakika mbili hadi tano. Kila kitu kiwe mezani kabla hujafungua chupa.

Dirisha liwe wazi, vaa glavu, miwani na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Kigandishi chake kina isosianati, na mapafu yakishaanza kuikataa huendelea kuikataa maisha yote.

Nyunyiza poda ya talki ndani ya kalibu na uipulize ibaki utando tu. Poda huivuta resini iingie kwenye mikunjo midogo. Funga vipande viwili katikati ya mbao mbili kwa mpira wa kufungia, kwa nguvu ya kuvishika tu. Ukikaza sana, sanamu hutoka bapa kama iliyolaliwa, na mshono wake unapanda. Changanya mililita 60 kwa sanamu hii, nyongeza ikiwa ni ya mlango. Mimina nusu, inamisha kalibu pande zote huku ukiibinyabinya, kisha jaza hadi resini ichungulie kwenye njia za hewa.

Resini iliyokaa wazi hunyonya unyevu, na maji yakikutana na kigandishi hutoa kaboni dioksidi. Sanamu inayotoka ikiwa na vitundu vidogo mwili mzima kama mkate haina kosa la kumimina, chupa ndiyo imeharibika. Vitundu vilivyo kwenye vidole na pua pekee ni hewa iliyonaswa: ongeza njia ya hewa kwa kukata silikoni kwa kisu chembamba. Vidonge vinavyochomoza juu ya uso, kinyume chake, ni viputo vilivyokuwa ndani ya silikoni yenyewe, na hivyo utavikwangua kila mara hadi utengeneze kalibu nyingine.

Wenye tangi la mgandamizo huminya viputo kwa hewa ya bari 4 hivi wakati resini inaganda. Tangi liwe lililotengenezwa kwa kazi hiyo na lenye vali ya usalama, wala si sufuria iliyobuniwa. Na kalibu pia iwe iligandishwa chini ya mgandamizo uleule. Isipokuwa hivyo, viputo vilivyomo ndani ya silikoni husinyaa na sanamu hutoka na mabonge.

Fungua baada ya dakika 20 hadi 30. Usipime ukavu kwa mlango wa kumiminia ulio mnene. Resini hujipasha moto inapoganda, na sehemu nyembamba zisizopata joto hilo ndizo hukomaa mwisho. Ndiyo maana vifundo vya miguu hupinda sanamu inapotolewa mapema. Ikipinda, iloweke kwenye maji ya nyuzi 60, inyooshe, kisha itumbukize kwenye maji baridi ukiwa bado umeishikilia.

Anayetaka sura ya shaba nyeusi asipake rangi ya dhahabu. Apake kwa brashi kavu unga wa shaba nyeusi ndani ya kalibu, achanganye unga mwingine kwenye resini, amimine. Baada ya kukauka asugue kwa nyuzi laini za chuma, apake rangi nyeusi nyepesi na kuifuta kwenye miinuko. Chuma halisi kilichomo usoni hushika mwanga kwa namna ambayo rangi haifikii.

Kumalizia na kuonyesha

Osha nakala kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, la sivyo rangi itabanduka pamoja na mabaki ya mafuta. Kata utando kwa kisu, piga msasa namba 320 kisha 600 ukiwa umelowa maji ili vumbi lisiruke, paka praima, yaani rangi ya msingi. Rangi ziwe safu nyembamba nyingi.

Kitako kiamuliwe kama sehemu ya sanamu. Toboa tundu la milimita 1.5 kisiginoni, kina cha sentimita 1, chomeka kipande cha waya wa shaba kwa gundi ya epoksi, na kingine kwenye mguu wa pili. Gundi peke yake chini ya nyayo huachia siku ya kwanza meza ikigongwa. Kitako kipana mno huidogosha sanamu. Kwa mtu aliyesimama wa sentimita 15, upana wa sentimita 6 au 7 huwa unatosha.

Sanamu ndogo iliyowekwa kiunoni mwa mtazamaji huonyesha utosi tu. Ipandishe hadi uso wake ukaribie usawa wa macho ya mtu aliyesimama, karibu sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, nyuma yake pawe na rangi moja iliyofifia. Taa moja kutoka juu, ikiinama kwa nyuzi 45 na kuelekea upande mmoja, huchora mashavu na mikunjo. Taa mbili zenye nguvu sawa pande zote huifuta kazi yako yote ya tochi. Tumia LED, na kaa mbali na dirisha: jua huigeuza resini kuwa ya njano, na pale isipopakwa rangi huonekana mapema.

Ukitoa nakala za idadi maalumu, chora namba chini ya kitako kabla ya praima, kwa mfano 3/12, yaani nakala ya tatu kati ya 12. Kalibu haidumu. Resini huila silikoni kidogokidogo, na baada ya makumi machache ya nakala uso wake huanza kukwaruza na kuchanika kwenye sehemu nyembamba. Ipumzishe siku nzima kati ya vikundi vya nakala, ihifadhi ikiwa imefungwa pamoja na nakala moja ndani yake ili isijipinde, na sanamu ya kwanza usiitupe. Ndiyo utakayoitengenezea kalibu ya pili.