Jinsi ya kusoma bajeti ya Kenya bila kupigwa chenga

Kila Juni waziri wa fedha akishapiga picha na ule mkoba, watu wote wanakimbilia kuuliza mkate umepanda ama mafuta yamepanda. Sawa, lakini kama unataka kujua serikali inaishi ndani ya uwezo wake usianzie huko. Tafuta hotuba yenyewe kwenye tovuti ya Hazina ya Kitaifa, ni PDF ndefu lakini wewe unataka namba tatu tu: matumizi, mapato na misaada (pesa za wafadhili zisizorudishwa).

Fungua kalkuleta ya simu. Mwaka wa 2025/26 matumizi yalipangwa shilingi trilioni 4.29, mapato 3.32, misaada kama bilioni 47, toa hizo mbili kwa ile ya kwanza unabaki na karibu bilioni 923. Hiyo ndo nakisi, asilimia 4.8 ya pato la taifa, na hiyo lazima ikopwe.

Sasa usifunge simu, hapa ndo wengi wanaachia njiani. Hiyo nakisi ni ahadi tu, inasimama juu ya mapato ambayo hayajaingia bado. Angalia 2024/25: Juni tuliambiwa nakisi ni bilioni 597, asilimia 3.3, ikakaa vizuri kwa karatasi, kumbe ndani yake kulikuwa na bilioni 346 za ushuru mpya wa ule Mswada wa Fedha wa 2024. Vijana wakaingia barabarani, tarehe 25 Juni waandamanaji wakavamia Bunge, kesho yake mswada ukaondolewa. Bajeti ya nyongeza (ile inayorekebisha ya Juni mwaka ukiwa unaendelea) ilipokuja, hata baada ya kukatakata matumizi, nakisi ilikuwa imefika asilimia 4.3. Kwa hiyo ukiona mapato yameruka sana kuliko mwaka jana jiulize ni ushuru gani unaleta hiyo pesa na nani atalipa, kama huoni jibu basi ongeza shimo mwenyewe kichwani.

Kitu kingine, na hii mimi ilinichukua muda kuelewa: riba ya madeni iko ndani ya matumizi, lakini deni lenyewe likiiva halihesabiwi kwenye nakisi. Linalipwa kwa kukopa tena. Ile Eurobond (mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 2 ya 2014 ilikuwa inaiva Juni 2024, ikabidi Februari tukope nyingine ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya zaidi ya asilimia 10 ili kuilipa. Kwa hiyo mikopo ya mwaka mzima ni mikubwa kuliko nakisi unayosomewa.

Na kupunguza matumizi nako si rahisi vile tunavyopayuka mtandaoni. Madeni na pensheni hulipwa kwanza, kaunti zina angalau asilimia 15 yao kwa Katiba (ya mapato yaliyokaguliwa, si ya mwaka huu, usichanganye), mishahara huwezi kugusa bila mgomo. Inabaki maendeleo. Ndo maana ile barabara yenu ina mawe tangu juzi na mkandarasi haonekani.

Mwisho weka alamu ya bajeti ya nyongeza, maana kifungu cha 223 cha Katiba kinaruhusu serikali itumie pesa kwanza halafu iende Bungeni ndani ya miezi miwili. Ikitoka rudia ile hesabu ya kalkuleta na namba mpya, weka kando ya zile za Juni.