Kutega Redio ya Hali ya Hewa Ipokee Maonyo ya Kaunti Yako

Shangazi yangu anayeishi Marekani alikuwa na redio ya kupokea matangazo ya hali ya hewa ya NOAA (shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia hali ya hewa na bahari) iliyosikika kwa sauti safi kabisa, lakini usiku wa dhoruba haikulia hata mara moja. Ilinichukua jioni nzima kupata sababu, na ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu.

Hatua ya 1. Chagua redio inayosoma misimbo ya SAME, yaani tarakimu zinazotumwa pamoja na onyo kutaja kaunti inayohusika. Isiyoisoma huamsha nyumba nzima kwa kila onyo linalotoka kituoni, hata la kaunti ya mbali, na mtu aliyechoshwa na kelele hizo huishia kuizima. Mimi siipendekezi kwa yeyote.

Hatua ya 2. Tia betri, ichomeke kwenye umeme, iweke karibu na dirisha na uinyooshe antena.

Hatua ya 3. Hapa nenda polepole. Matangazo haya hurushwa kwenye masafa saba tu, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, na wengi huchagua yanayosikika vizuri zaidi wakaridhika. Hata hivyo, huenda mnara unaosikika vizuri kwako haurushi maonyo ya kaunti yako, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi. Redio hulinganisha msimbo uliouingiza na ule uliobebwa na onyo. Visipolingana hunyamaza, wala haikuarifu kuwa kuna kosa. Kwa hiyo itafute kaunti yako katika tovuti ya NOAA, kisha unakili vyote viwili: msimbo wake, na masafa ya kituo kinachoihudumia. Msimbo una tarakimu sita. Ya kwanza huwa 0, maana yake kaunti nzima. Mbili zinazofuata ni za jimbo, na tatu za mwisho ni za kaunti. Kaunti ya Harris katika jimbo la Texas, kwa mfano, ni 048201. Sifuri ya mwanzo usiiache. Kaunti ambako dhoruba hutokea kabla ya kukufikia nayo iongeze, mradi inahudumiwa na kituo hicho hicho.

Hatua ya 4. Rekebisha saa, kisha uchague king'ora badala ya taa, kwa sababu taa haimwamshi aliyelala.

Hatua ya 5. Subiri jaribio la kila wiki, ambalo kwa kawaida hufanywa Jumatano. Likipita bila redio kuonyesha chochote, na halikuahirishwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, rudi kwenye masafa ya hatua ya tatu kabla ya kugusa kitu kingine.