Jinsi ya kuchora mawazo yanavyoshikana kwenye maneno ya watu

Kama wataka kujua mazungumzo yashikana vipi, anza na meseji moja fupi ya grupu la mtaani Mombasa, gazeti zima utachoka bure. Tuseme hii: "Leo sivuki na feri, foleni ya Likoni ni ndefu sana, japo njia ya Dongo Kundu yamaliza mafuta."

Ikate vipande, kila wazo kipande chake, hapo viko vitatu. Alafu tafuta kile ambacho ukikitoa meseji yote yapoteza maana, hicho ndio kiini, hapa ni "sivuki na feri", hivyo vyengine ni setilaiti, yaani vipande vya kukitegemeza kiini. Mfumo huu waitwa Rhetorical Structure Theory, ni wa watafiti wa lugha William Mann na Sandra Thompson, waliuchapisha 1988 na hata watu wa kompyuta wameutumia sana.

Sasa chora mishale kutoka setilaiti kwenda kwa kiini, juu yake andika uhusiano: foleni ni sababu, mafuta ni pingamizi alilolikubali, yaani ajua njia ya Dongo Kundu isiyo na feri ni gharama na bado aichagua. Hapa ndipo wengi hukwama, wangoja mpaka waone "kwa sababu" ndio waandike sababu, na hiyo foleni haina kiunganishi chochote na bado twaelewa! Jiulize mwandishi alitaka msomaji aamini nini.

Vyengine uzito ni sawa, kama "Nyali jua kali, Bamburi mvua", hapo weka viini viwili vya kulinganisha, usilazimishe mkubwa. Na mkichora wawili mkatofautiana msifute, wekeni michoro yote, Mann na Thompson wenyewe walikubali andiko moja laweza kusomwa zaidi ya namna moja.