Namna ya Kutambua na Kutaja Visukuku vya Majani ya Makangaga

Anayepata jiwe lenye alama ya jani la kangaga kwa kawaida hutaka kujua kwanza lilikuwa la mmea gani. Swali hilo ni la haki, ila ndilo linalojibiwa mwisho, na mara nyingi halijibiki kabisa. Mmea wa kale ulivunjika vipande kabla ya kufukiwa na tope, shina likabaki mahali pamoja, jani likasombwa kwingine, na mbegu kwingine tena, hivyo wataalamu walilazimika kukipa kila kiungo jina lake. Majina kama Pecopteris na Neuropteris ni majina ya maumbo ya majani, wala hayataji mmea mzima. Msingi wa mgawanyo huo, unaofuata umbo la jani na mpangilio wa mishipa yake, uliwekwa na Mfaransa Adolphe Brongniart katika miaka ya 1820, na mpaka leo ndio tunaoanzia.

Kabla ya kulisafisha jiwe, andika mahali lilipotoka, tabaka la mwamba, na visukuku vingine vilivyopatikana karibu nalo. Jiwe likipasuka pande mbili, hifadhi zote mbili kwa namba moja, kwa kuwa mshipa uliofifia upande mmoja huweza kuonekana wazi upande wa pili. Usilipake vanishi, hata kama inalipendezesha, kwani inaziba alama ndogo ambazo ndizo zitakazoamua jina. Weka taa pembeni, mwanga upite karibu sambamba na uso wa jiwe ili kila mwinuko utoe kivuli, kisha tazama kwa lenzi inayokuza mara kumi.

Kumbuka pia kwamba ulicho nacho ni kipande tu. Jani zima liliweza kufikia urefu wa mita kadhaa, likigawanyika mara mbili, tatu au zaidi kutoka kwenye uti wake. Sehemu ndogo kabisa za mgawanyiko huo, zile zilizopangika pande mbili za kijiti kimoja, tutaziita pinuli, na utambuzi karibu wote hufanyika juu yake.

Anza na kitako cha pinuli, yaani pale inaposhikana na uti, kwa sababu hapo ndipo jenasi nyingi, yaani makundi ya spishi zinazokaribiana, hutengana. Ikiwa kitako chote kimeshikamana na uti, kingo mbili zinakwenda sambamba na ncha ni ya mviringo, una Pecopteris. Ikiwa pinuli imeshikwa kwa nukta moja tu, na kitako kimejikunja kama umbo la moyo, fikiria Neuropteris. Katika Alethopteris kitako huteremka kando ya uti mpaka kuigusa pinuli inayofuata, na ukitazama kwa lenzi sehemu hiyo iliyoteremka utaona mishipa midogo ikitoka moja kwa moja kwenye uti bila kupitia mshipa wa kati. Alama hiyo naiamini kuliko umbo la jumla, kwa kuwa haipotei hata pinuli inapokuwa imebanwa vibaya. Odontopteris hupokea mishipa mingi kutoka kwenye uti na mara nyingi haina mshipa wa kati ulio dhahiri. Sphenopteris ina kitako chembamba na pinuli zilizochongoka au kugawanyika kama kabari.

Baada ya kitako, fuata mishipa. Mshipa wa kati wa Pecopteris hufika karibu na ncha, ilhali ule wa Neuropteris hufifia kabla ya hapo. Mishipa ya pembeni ikiungana na kufanya wavu, jina hubadilika: jani lenye umbo la Neuropteris na wavu wa mishipa ni Linopteris, na lile lenye umbo la Alethopteris na wavu ni Lonchopteris. Hesabu mishipa inayofika ukingoni katika kila sentimita, kwa sababu idadi hiyo husaidia kutenganisha spishi. Ukibahatika kupata ncha ya tawi la jani, angalia kama linaishia kwa pinuli moja au mbili, kwani kigezo hicho kimetumika kuitenga Paripteris, inayoishia kwa mbili, na Neuropteris, inayoishia kwa moja.

Pima na kuchora pinuli kadhaa, wala usiridhike na ile iliyo nzuri zaidi. Jani moja liliweza kubeba pinuli nzima karibu na ncha na zilizogawanyika karibu na shina, na spishi nyingi za zamani zilibuniwa kwa kutolijua hilo.

Kuhusu familia, umbo peke yake halitoshi. Mwaka 1903 wataalamu wa mimea wa Uingereza F. W. Oliver na D. H. Scott walionyesha kuwa Lyginopteris, mmea uliodhaniwa kuwa kangaga, ulizaa mbegu. Leo tunajua kwamba Alethopteris na Neuropteris ni majani ya mimea ya mbegu, na kwamba Pecopteris nyingi, ingawa si zote, ni za makangaga ya kweli yaliyokuwa na mashina yaitwayo Psaronius. Kwa hiyo chunguza upande wa chini wa pinuli: ukiona vifuko vilivyojipanga vya spora, yaani chembe ambazo makangaga huzaliana kwazo badala ya mbegu, unaweza kusema kwa uhakika kwamba ni kangaga.

Katika kuandika jina, simama pale ushahidi unapoishia. Jenasi ikijulikana na spishi isijulikane, andika Pecopteris sp.; ikikaribiana na spishi fulani bila uhakika, tanguliza cf., yaani “linganisha na”, kabla ya jina la spishi. Anayetaka kutoa jina jipya hana budi kufuata kanuni za kimataifa za majina ya mimea, zinazotaka picha au mchoro, maelezo kwa Kilatini au Kiingereza, na kielelezo kimoja cha msingi kinachotajwa pamoja na taasisi kinakohifadhiwa. Jina likibadilishwa baadaye, bandika lebo mpya kando ya ile ya zamani bila kuiondoa, pamoja na tarehe na jina la aliyebadilisha.