Picha za Kariakoo na Tibirinzi: namna ya kuwaandika waliotoa

Jamani sie tunaokusanya picha na khabari za viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo hapa mjini Unguja na Tibirinzi kule Chake Chake, Pemba, tuna tabia moja mbaya, picha ikija kwenye WhatsApp tunashangilia, tunaiweka kwenye hifadhi na chini tunaandika "Kariakoo zamani", bas. Kaitoa nani hakuna, kapiga nani hakuna, yule mzee alokaa saa nzima akitueleza pembea zilikuwa upande gani ndo kabisa.

Na mie nimefanya hivyo hivyo. Kuna bibi mmoja wa Kikwajuni alinipa bahasha ya picha saba za marehemu mumewe ambaye alikuwa akiendesha pembea pale, nikaziskani, nikaziweka, chini nikaandika jina la hifadhi yetu tu. Mjukuu wake akamuonesha kwenye simu. Bibi hakugomba, alisema tu "kumbe mume wangu hakuwepo". Nikenda kumuomba radhi na jina likaandikwa, lakini bahasha ya pili alokuwa kaniahidi sijaiona mpaka leo na simlaumu hata kidogo. Haya nnayoandika hapa ndo nnayofanya tangu siku ile.

Andika pale pale unapopokea

Kabla hujainuka mkekani. Usiseme ntaandika nikifika nyumbani, ukifika nyumbani kuna maji hayatoki na mtoto analia na kesho yake ushasahau kama ile picha ya treni katoa dada mtu au wifi mtu. Chukua daftari la kawaida la shule, kila picha nambari yake, na nambari hiyo hiyo iandike nyuma ya picha kwa penseli laini pembeni, si kwa kalamu ya wino, wino unapenya mpaka usoni kwa watu.

Ukishageuza picha angalia kuna nini huko nyuma. Picha nyingi za zamani za hapa kwetu zina mhuri wa studio, na mhuri huo ndo njia ya kumjua mpiga picha. Ukikuta Capital Art Studio, ile alofungua Ranchhod Oza mwaka 1930 Mji Mkongwe, iandike kama ilivyo, usiseme tu "studio ya mjini". Skani na upande wa nyuma pia, maandishi ya mkono ya mwenyewe kama "Idd, na watoto" yana khabari kuliko picha wakati mwengine.

Za kwenye simu zina shida yake. WhatsApp inaikamua picha na inafuta khabari zilizomo ndani ya faili, tarehe ya kupigwa, aina ya kamera, hata jina kama mtu alilitia. Na lile jina inaloipa, IMG kisha tarehe, ile si siku iliyopigwa, niliwahi kuona picha ya mtoto kavaa bugaluu, zile suruali za zamani pana chini, imeandikwa mwaka 2023! Mwambie akutumie kama dokyumenti, si kama picha.

Kila mkono na kazi yake

Hapa ndo nataka mutulie. Neno "kwa hisani ya" tumelitumia mpaka limekuwa halina maana, maana linachanganya watu wanne au watano kwenye kapu moja. Kuna alopiga. Kuna alohifadhi kabatini miaka arubaini, akahama nayo nyumba tatu isiliwe na mchwa. Kuna aloskani. Kuna alotambua mahali na watu. Kuna alosimulia. Watu tafauti hao, na kila mmoja anataka kusomwa kwa kazi yake.

Khasa alotambua, huyu ndo tunamdhulumu kila siku. Tulikuwa na picha ya watoto wamepanga foleni mbele ya ukuta, sote tumeandika Mnazi Mmoja, ikakaa hivyo miezi. Siku moja mzee mmoja wa Chake akaitazama akasema hii Tibirinzi, mie nimefanya kazi pale, ukuta ule nimeupaka chokaa kwa mkono wangu. Fikiria, mtu kwa sentensi moja kaihamisha picha kutoka Unguja mpaka Pemba! Halafu jina lake tusiliandike kwa kuwa hakutoa picha? Viwanja vyote viwili ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ishavijenga upya, zile pembea kongwe hazipo tena, kwa hivyo macho ya watu kama yule mzee ndo kitu pekee cha kupimia.

Na mtu akikupa sababu ya tarehe, iandike na sababu yake. Kwa mfano picha ya sikukuu Forodhani, mtu akakwambia bustani hii ni kabla ya ile kubwa ya matengenezo iliyomalizika 2009, au mnara wa saa wa lile jumba la Beit al Ajaib umesimama kwa hivyo ni kabla haujaanguka 25 Desemba 2020, weka maneno yake na jina lake, akija mtu kesho kubisha ajue anabishana na hoja gani.

Mstari wetu sasa unakuwa hivi:

Pembea, Kariakoo, sikukuu, miaka ya 1980. Kapiga: hajajulikana bado. Katoa: Bi Fulani wa Kikwajuni, katika picha za marehemu mumewe, mwendesha pembea. Kaskani: Fulani. Katambua mahali: Mzee Fulani wa Chake Chake.

Andikeni "hajajulikana bado", hilo "bado" lina kazi, linamwambia mwanawe akipita ajitokeze.

Kule Disneyland, Marekani, iliyofunguliwa 1955, barabara ya kuingilia ina madirisha ya juu yaliyoandikwa majina ya watu walioijenga na kuifanyia kazi. Alofunga skrubu za pembea zetu hana dirisha popote, ana mstari huo tu chini ya picha.

Jina analitaka vipi

Uliza: "nikuandike vipi?" Usikisie. Mwengine anataka majina yote matatu, mwengine anajulikana kwa lakabu na jina la cheti hata jirani halijui, mwengine anataka Mama Fulani. Maalim ni Maalim, usimvue. Na majina yetu yanafanana, Ali Juma Ali yuko kila mtaa, kwa hivyo weka na mtaa au kijiji, lakini nambari ya simu ibaki kwenye daftari lako tu.

Asotaka kutajwa asitajwe, andika "mchangiaji wa Wete, kwa ombi lake hatukumtaja jina". Hiyo nayo ni krediti, inaonesha kuna mtu.

Kwa marehemu ongea na warithi, na muulize anokupa, wenzako wanajua? Ndugu mmoja anatoa albamu wengine sita hawana khabari, ugomvi unakuja kwako.

Lakini kumtaja mtu si sawa na kuwa na ruhusa, watu wanachanganya sana hapa. Picha ya mwanamke yuko nyumbani kichwa wazi, hata mwanawe akikupa kwa mikono miwili, muulize mwenyewe kama yuhai. Watoto wa sasa hivi ndo usiwaandike majina kabisa. Na kushika karatasi ya picha si kumiliki haki yake, Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya 2003 na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, wapo, nendeni mukaulize, si lazima mugombane kwanza. Ukichukua picha ya intaneti yenye leseni ya Creative Commons, yaani mwenyewe karuhusu itumike kwa masharti, taja mpigaji, ulikoitoa, leseni gani, na kama umeikata au umeitia rangi sema.

Mambo madogo: jina weka kwenye ukingo mweupe chini ya picha na ndani ya faili pia, maana picha zinasambaa na maelezo yanabaki nyuma. Usipige jina la hifadhi katikati ya nyuso za watu. Ukurasa wa majina yote upange kwa alfabeti, alotoa moja na alotoa mia tatu wakae pamoja. Ukikosolewa rekebisha siku hiyo hiyo na uandike nani kakosoa.

Na wengi walotoa hawana simu ya intaneti, kwa hivyo chapa ukurasa umpelekee. Ule wa Tibirinzi tulimpa mtu akavuka nao kwa meli mpaka kwa yule mzee wa Chake. Kausoma, kaomba kalamu, kaongeza majina mawili ya wenzake waliokuwa wakipaka naye chokaa. Yamo sasa.