SOMO: Kupiga picha vibao vya Ujerumani vinavyochekesha

Mjerumani hataki mtu abahatishe, atakuwekea kibao. Hata kichochoro kina cha kupiga. Lakini picha nyingi za vibao hazichekeshi, kwa sababu kibao kimejaa picha nzima na kilichokizunguka, ambacho ndicho kichekesho chenyewe, kimeachwa nje.

1. Amua unawinda nini. Ukizurura tu utarudi na picha arobaini za Einbahnstraße, ambalo si jina la mtaa, maana yake ni njia ya kwenda upande mmoja. Kwa Mswahili kuna mfululizo wa bure: neno letu "shule" tulilichukua kwao, Schule. Tafuta basi Fahrschule (udereva), Hundeschule (mbwa hufunzwa adabu) na Baumschule, "shule ya miti", yaani kitalu cha miche. Hii ya mwisho hukaa pembezoni mwa mji. Tafuta pembe ambayo miche imepangana nyuma ya kibao kama watoto mstarini asubuhi.

Mfululizo mwingine ni majina ya vijiji. Milima ya Harz ina Elend (dhiki) na Sorge (wasiwasi), jirani kabisa. Pwani ya Baltiki, huko Schönberg, wana Kalifornien na Brasilien. Kibao cha kuingia kijijini ni cha njano. Upande wa kutokea jina hukatwa kwa mstari mwekundu. Ukitoka Elend, dhiki imefutwa. Piga pande zote mbili.

2. Rudi nyuma. Ukingo wa chini wa kibao cha barabarani huwa kama mita 2 kutoka ardhini. Ukisimama chini yake na kuinua simu, pande zake zitaegemeana kuelekea juu. Rudi hatua sita au saba, simama kukabili kibao, tumia zoom ya 2x au 3x. Kwa kamera, lenzi ya milimita 50 hadi 85.

3. Mwanga. Hapa ndipo wengi huharibu. Vibao vya barabarani vimefunikwa utando unaorudisha mwanga pale ulikotoka, ili dereva aone usiku. Ukiwasha flashi unapata doa jeupe lisilo na herufi. Zima. Kibao cheupe mbele ya msitu: kamera huona giza, huongeza mwanga, maandishi yanaungua, gusa kibao kwenye kioo, shusha kipimo cha mwanga mpaka -0.7 au -1. Mbele ya mbingu nyeupe ya Novemba, fanya kinyume. Vibao vya taa za LED vinataka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya sekunde 1/60 au taratibu zaidi, la sivyo herufi hukatika vipande.

4. Piga mara mbili: karibu, maneno yasomeke, kisha mbali. "Eltern haften für ihre Kinder" (wazazi watawajibika kwa watoto wao) ni kibao cha kila eneo la ujenzi na hakimchekeshi mtu, mpaka pale wazee watatu wanapoegemea uzio huohuo kuchungulia shimo. Wapige picha ukiwa nyuma yao.

5. Nakili maneno palepale, pamoja na nukta za juu ya herufi. "Drücken" mlangoni ni sukuma. Ukiondoa nukta, "drucken", ni kuchapa kwa mashine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nataka ile Ausfahrt ya barabara kuu, mimi ndiye dereva.

Jibu: Huwezi, ndugu. Kusimama kwenye Autobahn kumekatazwa, hata pembeni, na kutembea kwa miguu pia. Abiria apige kupitia dirishani, shata 1/1000. Au tafuta Ausfahrt kwenye maegesho ya mjini, maana yake ni ileile, pa kutokea.

Swali: Naruhusiwa kuzirusha mtandaoni?

Jibu: Alama rasmi za barabarani hazina hakimiliki. Mchoro uliowekwa hadharani kwa kudumu unaweza kuupiga ukiwa barabarani, kwa urefu wako wa kawaida. Mahakama kuu ya shirikisho ilisema mwaka 2024 kwamba picha za droni haziingii katika ruhusa hiyo. Bango la muda ni jambo jingine. Ziba majina kwenye kengele za milango na namba za magari. Dukani, omba ruhusa ya mwenyewe. Penye kibao cha eneo la kijeshi, usiinue kamera kabisa.

Swali: Nina nusu siku tu Berlin. Nianzie wapi, kaka?

Jibu: Panda U6, shuka Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Kuna Sansibarstraße na Usambarastraße. Iliyokuwa Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, mwaka 1939, iligawanywa mwaka 2024 ikawa Maji-Maji-Allee na Anna-Mungunda-Allee. Hapo huendi kucheka, lakini mfululizo wa Mswahili bila kibao hicho una pengo. Ukirudi katikati ya mji, malizia na mtu wa kofia kwenye taa za waenda kwa miguu, aliyebuniwa na Karl Peglau mwaka 1961. Mpige jioni, mwanga ukiwa -1, vinginevyo kofia inayeyuka.