Kabla Hujanunua Inveta ya Gari la Safari

Mwanangu Baraka ana pumu. Usiku mmoja tulikuwa tumeegesha HiAce yetu karibu na Ziwa Magadi, na ilipofika saa nane kifua kikambana. Nikachomeka mashine yake ya mvuke, ile ya kuvutia dawa, kwenye inveta, kifaa kinachogeuza stima ya betri iwe kama ya ukutani. Ikaguruma kwa sauti nzito ambayo nyumbani Kariobangi sijawahi kuisikia, ikapata moto, na mvuke ukatoka kidogo mno. Betri ilikuwa imejaa. Inveta ilikuwa imeandikwa wati 1000, na mashine ile hula wati 150 tu. Inhela ndiyo iliyotufikisha alfajiri, tukarudi Nairobi.

Kazi yangu ni kufunga nyaya za magari. Tangu usiku ule, mteja akija na gari analotaka kuligeuza nyumba ya safari, swali langu la kwanza ni hili: ni kifaa kipi kikikataa usiku, safari yako imekwisha? Anza na hicho. Vingine vyote vitapata nafasi yao.

Kilichotukuta Magadi ni hiki. Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240, na hupanda na kushuka kwa ulaini mara 50 kila sekunde. Inveta za bei ya chini, kama ile yetu, huigiza wimbi hilo kwa ngazi: juu ghafla, chini ghafla. Chaja nyingi za simu na balbu huvumilia ngazi hizo. Mota na kompresa nyingi haziwezi. Huunguruma, hupata joto na kupoteza nguvu. Kwa hiyo mashine ya pumu, friji ya kawaida, mashine ya kumsaidia mtu kupumua usingizini, hata blenda, zote zinataka inveta ya wimbi laini, ile ambayo wauzaji wa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya stima Nairobi, huiita pyua saini. Bei yake iko juu. Ukipungukiwa na pesa, punguza wati, usipunguze ubora wa wimbi. Ya wati 600 yenye wimbi laini ingemtosha Baraka kabisa.

Sasa chukua karatasi. Geuza kila kifaa usome wati zilizoandikwa mgongoni. Orodha yetu ni fupi: chaja ya kompyuta 65, mashine ya mvuke 150, blenda 400. Jumlisha vile vitakavyowaka pamoja, kisha uache nafasi, kwa sababu mota ikiamka huvuta mara kadhaa ya kile inachokula ikishatulia. Sisi tulifika wati 1000 na hatujawahi kutamani zaidi. Simu, taa na feni ndogo usizihesabu. Zipe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, simu ikipitia chaja ya gari. Kupandisha stima hadi 240 kisha chaja iishushe tena ni kupoteza njiani. Hata friji, ukiweza, nunua ya volti 12.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja aliyestaafu, na gari zuri, akiwa amebeba inveta ya wati 3000.

“Mama Baraka, nataka mke wangu achemshe chai popote tutakapolala.”

“Mzee, birika lako ni la wati ngapi?”

Wati 2200. Tukapiga hesabu pamoja. Wati 2200 ugawe kwa volti 12 ni ampea 183, yaani wingi wa stima inayopita kwenye waya, na kwa sababu inveta nayo hupoteza kidogo, betri inadaiwa zaidi ya 200. Betri yake ilikuwa moja, ya asidi, ampea-saa 100, yaani kwa hesabu ampea 100 kwa saa moja. Ingeinama kabla maji hayajapata uvuguvugu, na kengele ya inveta ingeanza kulia. Nilimshauri arudishe lile boksi, anunue ndogo ya wimbi laini, na chai ya mama ipikwe kwenye meko. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unachemsha chai nyingi sana.

Hesabu hiyo ya 12, mara hii kwa kuzidisha, ndiyo itakayokuokoa pia dukani. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi mara nyingi ni nguvu ya sekunde chache tu, wakati mota inaamka. Wewe uliza wati za kudumu. Ukiwa na shaka, omba kuona fyuzi za inveta yenyewe na uzijumlishe. Fyuzi tatu za ampea 30 ni 90. Zidisha kwa 12 upate 1080, basi wati 1000 zinaaminika. Nimeshika yenye jina la wati 2000 ambayo fyuzi zake zote zilifika ampea 60. Hiyo haiwezi kuzidi 720.

Angalia pia volti za gari. HiAce ni 12, lakini lori nyingi za Isuzu na Coaster nyingi ni 24, na inveta ya 12 ukiipa 24 unaiunguza. Ndugu akikuletea inveta kutoka Marekani, jua inatoa volti 120, si 240 za vifaa vyetu.

Waya ndio mahali watu wanapokosea zaidi, na ndio unaochoma magari. Kwa inveta ya wati 1000 mimi hutumia kebo ya shaba ya milimita 35 za mraba, na inveta hukaa ndani ya mita moja kutoka kwa betri. Fyuzi ya ampea 125 hukaa kwenye kebo chanya, karibu kabisa na betri, ili kebo ikichunika popote fyuzi ikatike kwanza. Kebo nene za rangi zinazouzwa kwa ajili ya muziki wa gari zichunguze: kwangua uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Iache. Na usitumie tundu la kiberiti cha sigara kwa chochote kinachozidi wati 120; fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15.

Betri ya kulalia iwe tofauti na ya kuwashia injini. Ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini tumia nusu tu ukitaka idumu. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo hukupa karibu yote. Inveta nyingi hujizima betri ikifika volti 10.5, na kwa betri ya asidi huko ni kuchelewa, imeshaumia. Weka kipimo cha volti mahali unapokiona ukiwa kitandani. Betri ya asidi ikitulia bila mzigo na kipimo kikasoma 12.1, umefika nusu. Inveta yenyewe ikiwashwa bila kazi hunywa wati 10 hivi, na usiku wenye urefu wa saa 10 ni wati-saa 100 zimekwenda bure. Izime.

Isifungwe chini ya godoro. Magadi au Lodwar joto la nje peke yake linaitesa, na feni yake inahitaji hewa.

Ukishafunga, usiende popote bado. Mimi huegesha uani jioni, nachomeka mashine ya Baraka na kuiacha iende dakika 20, huku nikipapasa kebo na vishikizo vyote kwa mkono. Palipo na joto pamelegea au waya wake ni mwembamba. Napafungua nianze tena. Kisha namwita Baraka asikilize mlio. Yeye anaujua ule wa nyumbani kuliko mimi.